Wiki 78: mafundi wa jinzi wa El Paso na msaada uliokuja kwa Kiingereza

Katika miaka ya 1990 sheria ya Marekani ilibeba namba mbili zisizoelewana. Mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje aliruhusiwa kusomea kazi nyingine hadi wiki 104. Posho ya kumweka mjini akiwa anasoma iliishia wiki ya 78. Hapo katikati pana wiki 26, nusu mwaka mzima, ambazo serikali iliendelea kulipa karo lakini haikulipa unga.

Naanza na pengo hilo kwa sababu kisa cha mafundi wa nguo wa El Paso, Texas, kimelala ndani yake. Kisa hiki kikisimuliwa, husimuliwa kama habari ya NAFTA, mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko: mkataba ulisainiwa, viwanda vikavuka mto kwenda Meksiko, kina mama wakabaki bila kazi. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili hupitwa haraka, nayo ndiyo yenye mafunzo kwa yeyote anayefikiria namna ya kuwasaidia waliopunguzwa kazini. Hawa hawakuwa watu waliosahauliwa. Serikali ilikiri kwa maandishi kwamba biashara ya nje imewaumiza, ikatenga fedha, ikawafungulia madarasa. Na bado wengi wao walitoka upande wa pili wakiwa na kipato kidogo kuliko kile walichokuwa wakipata kwenye cherehani.

Mji ulioshona suruali za Marekani

El Paso uko ukingoni mwa mto Rio Grande, uso kwa uso na Ciudad Juárez ya Meksiko. Unaweza kuvuka daraja kwa miguu asubuhi, ukanunua mahitaji, ukarudi kabla jua halijawa kali. Kwa miongo kadhaa mji huu ulikuwa ngome ya suruali. Levi Strauss walikuwa na viwanda pale. Farah, kampuni ya familia yenye asili ya Lebanoni, ilianzia pale. Chini ya majina hayo makubwa kulikuwa na karakana nyingi ndogo za kandarasi, zile zinazoshona kwa lebo ya mtu mwingine na kufungwa usiku mmoja oda zikikata.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa, maana neno letu "fundi" linaweza kutupoteza. Fundi cherehani wa Kariakoo au Gikomba anakupima, anakata kitambaa, anashona, anakujaribisha, anarekebisha. Akifukuzwa kwenye kibaraza kimoja anahamishia cherehani yake kwenye kingine. Fundi wa El Paso alikaa kwenye mstari. Huyu anashona mfuko wa nyuma, wa pili anatia zipu, wa tatu anapinda kiuno, wa nne anapiga vitundu vya vifungo. Malipo ni kwa idadi ya vipande. Mtu anaweza kushona mifuko ya nyuma miaka 18, akawa na kasi ambayo hakuna mwingine kiwandani anayo, na asiwe ameshona suruali moja nzima tangu aajiriwe. Ujuzi wake ni wa kweli kabisa, lakini una thamani mahali pamoja tu: kwenye mstari wenye mtu wa zipu upande mmoja na mtu wa kiuno upande mwingine. Mstari ukiondoka, ujuzi nao umeondoka.

Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wanawake wenye asili ya Meksiko. Kihispania kilitosha nyumbani, kanisani, dukani, na kilitosha kiwandani pia, maana wasimamizi wengi walikiongea. Kwa miaka 20 hakuna mwajiri aliyewaambia Kiingereza chao hakitoshi kushona mfuko. Wala hawakuwa wanyonge wa kuonewa tu. Mwaka 1972 wafanyakazi wapatao 4,000 wa Farah, wengi wao wanawake, waligoma wakitaka chama, na walishikilia karibu miaka miwili, huku wanunuzi nchi nzima wakisusia suruali za kampuni hiyo, hadi kampuni ikasalimu amri mapema 1974. Mwaka 1981 baadhi ya mafundi wa mji huo walianzisha La Mujer Obrera, yaani mwanamke mfanyakazi, jumuiya itakayorudi baadaye katika kisa hiki.

Namna kazi ilivyovuka mto

Ushonaji haukuanza kwenda Meksiko siku ya NAFTA. Kabla yake kulikuwa na kifungu cha ushuru, maarufu kama 807, kilichoruhusu kitambaa kikatwe Marekani, kikashonwe nje, kisha kirudi kwa kulipiwa ushuru wa thamani iliyoongezwa tu. Kifungu hicho kilikuwa na tabia moja njema kwa El Paso: kukata kulibaki kaskazini mwa mto, na mara nyingi kufua na kumalizia pia.

NAFTA ilianza kazi tarehe 1 Januari 1994 na ikaondoa sababu ya mgawanyo huo. Mradi uzi na kitambaa vimetoka ndani ya nchi tatu za mkataba, hapakuwa tena na haja ya kukatia El Paso. Kukata, kushona, kufua kwa mawe, kupiga pasi, vyote vingeweza kukaa Meksiko. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Desemba 1994, peso ikaporomoka, na mshahara wa fundi wa Meksiko ukihesabiwa kwa dola ukawa nafuu zaidi bila yeye mwenyewe kukubali kupunguziwa senti. Torreón kaskazini na Tehuacán huko Puebla ikawa ndiyo miji mipya ya jinzi. Kumbuka kwamba kiasi kikubwa cha kazi kiliruka Juárez kabisa, kikaenda ndani zaidi ambako mishahara ilikuwa midogo kuliko ya mpakani. Kwa hiyo hata yule aliyefikiri angevuka daraja kufuata cherehani yake asingeikuta.

Kabla karne haijaisha, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa El Paso walikuwa wamethibitishwa rasmi kuwa waathirika wa NAFTA. Hakuna mji mwingine wa Marekani uliofikia idadi hiyo.

Sheria ilitoka wapi

Mpango wa kuwasaidia ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30. Rais Kennedy aliupata katika sheria ya biashara ya 1962, na wazo lake lilikuwa biashara ya kupeana: taifa zima litafaidi bei nafuu, basi wale wachache watakaolipa gharama kwa kazi zao wafidiwe na hazina ya taifa zima. Wazo safi. Masharti yalikuwa makali kiasi kwamba hadi 1969 hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeidhinishwa. Sheria ya 1974 ilipunguza ukali: ikatosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zilichangia kwa kiasi kikubwa. Watu wakaanza kulipwa, hasa wa viwanda vya magari, bili ikapanda, na mwaka 1981 serikali ya Reagan ikaubana tena. Mwaka 1988 likaingia sharti ambalo ndilo kiini cha kisa hiki: ili ulipwe posho, lazima uwe kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa.

Vyama vya wafanyakazi havikuwahi kuupenda sana. Viongozi wake waliubeza kuwa ni bima ya mazishi: inalipwa ukishakufa. Hata hivyo mwaka 1993, Rais Clinton alipohitaji kura za kupitisha NAFTA, Bunge liliongeza tawi maalumu kwa watakaoumizwa na mkataba huo. Tawi hilo liliitwa NAFTA-TAA na likakaa sambamba na mpango wa zamani, TAA.

Kulipata kulihitaji ombi. Wafanyakazi watatu, au chama chao, au kampuni yenyewe, walijaza fomu na kuipeleka kwa gavana wa jimbo. Ofisi ya gavana ilikuwa na siku 10 za kutoa maoni ya awali, kisha Wizara ya Kazi huko Washington ilikuwa na siku 30 za kuamua. Swali lilikuwa moja: je, kazi imehamia Meksiko au Kanada, au bidhaa kutoka huko zimeongezeka na kuchangia kufungwa? Likijibiwa ndiyo, kila mfanyakazi wa kiwanda hicho aliyepunguzwa katika kipindi husika aliingia.

Kwa kiwanda chenye jina, hilo halikuwa gumu. Kwa karakana ya kandarasi lilikuwa shughuli nyingine. Wapelelezi walihitaji takwimu za uzalishaji na za wateja kutoka kwa mwajiri, na si kila mwenye karakana alipatikana baada ya kufunga. Wengine walikuwa wakidaiwa mishahara. Mwaka 1990, kabla hata ya NAFTA, wanawake wa La Mujer Obrera walifikia kujifunga minyororo kwenye vyerehani na kugoma kula wakidai malipo ya kazi waliyokwisha kuifanya. Mtu anayekimbia mshahara wa wiki iliyopita hatakaa chini kujaza dodoso la Wizara.

Kulikuwa na shimo jingine. Karakana iliyofua au kumalizia jinzi za kiwanda kilichohamia Meksiko ilikufa pamoja na kiwanda hicho, lakini sheria kwa herufi zake ilimtazama mzalishaji aliyeshindana na bidhaa za nje. Wanaomtegemea mzalishaji huyo hawakutajwa ndani yake hadi 2002.

Hesabu ya wiki

Sasa tuchukue mama mmoja wa mfano. Si mtu halisi, ni wa kutusaidia kuhesabu. Ana miaka 46, alisoma Meksiko hadi darasa la sita, ameshona miaka 20, na kiwanda kimefungwa leo.

Anaanza na wiki 26 za bima ya kawaida ya ukosefu wa ajira ya jimbo la Texas. Zikiisha, mpango unampa wiki 26 za posho ya msingi. Akiwa bado darasani anaongezewa 26. Jumla 78, na saa imeanza kugonga siku alipoandikishwa bima, si siku alipokaa kwenye dawati.

Ombi likipelekwa siku hiyohiyo, siku 10 za gavana na 30 za Wizara ni karibu wiki sita. Likichelewa, wiki zinaliwa tu. Baada ya hapo kuna kikomo: awe amejiandikisha mafunzo kabla ya kuisha wiki ya 16 ya bima yake, au ndani ya wiki sita tangu kiwanda kuthibitishwa, itakayochelewa kati ya hizo. Mpango wa zamani uliruhusu afisa kumwondolea mtu sharti hili kama mafunzo yanayofaa hayapo. Tawi la NAFTA halikuruhusu. Kwa hiyo asiyepata kozi nzuri alichukua iliyo wazi, na iliyo wazi ilikuwa Kiingereza.

Tuseme ameanza wiki ya 16. Amebakiwa na wiki 62 za posho. Ndani ya hizo 62 anatakiwa ajifunze Kiingereza kutoka karibu sifuri, apate cheti kinachosimama badala ya sekondari, kisha asomee kazi yenyewe. Akitaka kutumia wiki zote 104 za mafunzo anazoruhusiwa, atamaliza wiki ya 120. Posho imekatika ya 78. Lile pengo la wiki 26 nililoanza nalo ni la kwenye karatasi. Kwa huyu mama ni wiki 42. Na kama chuo kitafunga kwa likizo inayozidi siku 14, posho inasimama hadi kifunguliwe. Krismasi ina gharama zake.

Tazama lilivyokaa. Aliyemaliza sekondari na anayeongea Kiingereza angeweza kuingia moja kwa moja kozi ya mwaka mmoja ya uuguzi msaidizi au ya mashine za kupoza hewa na kubaki na wiki mkononi. Sheria ilimfaa huyo. Ila huyo mara nyingi angepata kazi hata bila sheria. Aliyehitaji muda mrefu zaidi ndiye aliyepewa uleule, ukazidi kupungua kwa kila hatua ya utangulizi aliyolazimika kupita.

Kiingereza kwanza, kazi baadaye

Hapa ndipo hukumu yangu ni kali kuliko ya wachambuzi wengi wa kisa hiki. Wao husema mafunzo yalishindwa kwa sababu wanafunzi walikuwa wazee na wenye elimu ndogo. Mimi naona yalipangwa kinyumenyume.

Fikra ilikuwa ngazi: Kiingereza, kisha cheti, kisha ufundi. Asiyevuka ngazi ya kwanza haioni ya pili. Wanawake waliotumia Kihispania maisha yao yote wakawekwa kwenye madarasa ya lugha ya jumla, salamu, rangi, siku za wiki, na wengi wakatumia humo karibu muda wote waliokuwa nao. Ajabu ni kwamba mtihani wa kile cheti kinachosimama badala ya sekondari ungeweza kufanywa kwa Kihispania. Kozi za kazi ndizo zilizokuwa kwa Kiingereza, na waajiri wapya wa mjini walitaka mtu wa lugha zote mbili. Lakini baina ya kuweza kusoma maelekezo ya mashine na kuweza kuzungumza kama mzawa pana nafasi kubwa, na mafundisho ya kazi kwa lugha mbili, Kiingereza kikipenya taratibu kupitia majina ya vifaa na maagizo ya usalama, yangeijaza. Mafundi wenyewe walilidai hilo. Waliandamana, wakaenda hadi kuziba njia ya daraja la mpakani, na madai yao hayakuwa ya kurudishiwa viwanda. Walitaka mafunzo yanayoeleweka, yenye kazi mwisho wake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kumbukumbu ya kulinganisha. Mwaka 1968 Tanzania, kwa kushirikiana na UNESCO, ilianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa kanda ya Ziwa, makao yakiwa Mwanza. Vitabu vya kusomea vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi. Mkulima alijifunza herufi ndani ya shughuli aliyokuwa akiijua, kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwambia ajue kwanza lugha nyingine ndipo aonyeshwe namna ya kunyunyizia pamba. Sisemi mradi ule ulitimiza kila ulichokusudia. Ila mpangilio wake ulianzia kwa mwanafunzi, na ule wa El Paso ulianzia kwenye orodha ya kozi ambazo chuo kilikuwa nazo tayari.

Fedha hazikuwa nyingi za kuchezea pia. Kwa nchi nzima mafunzo yalitengewa dola milioni 80 kwa mwaka katika mpango wa zamani na milioni 30 katika tawi la NAFTA. Mji mmoja wenye maelfu ya wanafunzi ungeweza kuimeza sehemu kubwa ya hizo 30 peke yake. Baada ya kelele, Wizara ya Kazi iliongezea El Paso ruzuku maalumu ya makumi ya mamilioni ya dola, na madarasa yakabadilika kiasi. Kwa wale wa miaka ya mwanzo saa ilikuwa imeshagonga.

La Mujer Obrera, kwa upande wao, waliacha kungoja. Wakaanzisha shughuli zao, kati yake mgahawa wa chakula cha Kimeksiko uitwao Café Mayapán na kituo cha kulelea watoto, ili mtu ajifunze upishi, uhudumu na hesabu za duka akiwa kazini, kwa lugha yake. Ni idadi ndogo ukilinganisha na 10,000. Lakini huko ngazi iligeuzwa: kazi ilikuja kwanza, Kiingereza kikafuata kwa kadiri kilivyohitajika.

Kiinua mgongo cha Levi's

Haki itendeke: si msaada wote ulitoka serikalini, na tofauti kati ya waajiri ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya programu.

Januari 1990 Levi Strauss walifunga kiwanda chao cha mtaa wa South Zarzamora huko San Antonio, Texas, na kupeleka kazi Kosta Rika. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza ajira kwa mpigo. Wafanyakazi waliona walicholipwa hakilingani na miaka yao, wakaunda Fuerza Unida na kuifuata kampuni kwa kususia na maandamano miaka mingi. Zingatia pia nchi: Kosta Rika. Hata kama tawi la NAFTA lingekuwepo wakati ule, lisingewagusa, maana lilitambua Meksiko na Kanada pekee. Mama aliyehamishiwa kazi yake kusini kidogo zaidi alikuwa na jeraha lilelile na fomu tofauti.

Novemba 1997 kampuni hiyohiyo ilitangaza kufunga viwanda 11 na kupunguza watu 6,395, El Paso ikiwemo. Safari hii ilikuja na kifurushi cha dola milioni 200: malipo ya miezi minane ya notisi, hadi wiki tatu za mshahara kwa kila mwaka wa utumishi, bima ya afya iliyoendelea, na fedha za masomo au kuhama. Naona kivuli cha Zarzamora katika kila mstari wa kifurushi kile. Fundi wa Levi's aliweza kutumia miezi ya notisi kuanza masomo kabla saa ya bima haijaanza kugonga, jambo ambalo sheria yenyewe haikumpa mtu yeyote. Jirani yake wa karakana ya kandarasi, aliyeshona pengine suruali hiyohiyo, alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Sheria ya notisi ya siku 60 iliwahusu waajiri wa watu 100 na zaidi.

Marekebisho ya 2002, na sisi tulivyotajwa humo

Sheria ya biashara ya 2002 inasomeka kama orodha ya malalamiko ya El Paso yaliyojibiwa kwa kuchelewa. Mipango miwili iliunganishwa. Posho iliongezwa ifikie wiki 104, na wiki 26 zaidi kwa anayehitaji masomo ya utangulizi, yaani yule mama wa mfano: kutoka 78 hadi 130. Fungu la mafunzo lilipanda hadi dola milioni 220. Likizo inayovumiliwa ikawa siku 30. Karakana zilizowauzia viwanda sehemu za bidhaa, na baadhi ya zile zilizomalizia kazi yao, ziliingizwa. Serikali ikaanza kubeba asilimia 65 ya bima ya afya, ingawa asilimia 35 iliyobaki ilikuwa mzigo kwa mtu aliyeishi kwa posho.

Lililonivutia zaidi ni malipo kwa waliotimiza miaka 50. Aliyepata kazi mpya ndani ya wiki 26 yenye mshahara mdogo kuliko wa zamani, serikali ilimfidia nusu ya tofauti, hadi dola 10,000 kwa miaka miwili. Kwa mara ya kwanza mpango ulikubali kwamba kwa baadhi ya watu darasa si jibu. Fundi wa miaka 57 hahitaji cheti cha kompyuta. Anahitaji kuziba tundu hadi pensheni.

Na sheria hiyo ilitutaja sisi. Kiwanda kikihamishia kazi kwenye nchi yenye mkataba wa biashara huria na Marekani, au nchi ya Karibiani au Andes yenye upendeleo wa ushuru, au nchi inayonufaika na AGOA, wafanyakazi wake walistahili msaada bila kungoja kuthibitisha kwamba bidhaa za nje zimeshaongezeka. AGOA ndiyo sheria ya Mei 2000 iliyofungulia nguo za Kenya, Lesotho, Madagaska na wenzao soko la Marekani bila ushuru. Kwa maneno mengine, Washington iliandika kabla kwamba suruali ya Athi River inaweza kumtoa mtu kazini Texas, ikamwekea huyo mtu akiba.

Upande wetu hakukuwa na ukurasa wa pili. Mfumo wa mgao wa nguo duniani ulipokwisha tarehe 1 Januari 2005 na nguo za China zikapata njia pana, viwanda vya maeneo huru ya Kenya vilipunguza watu, na hakukuwa na ombi la kusainiwa na wafanyakazi watatu wala wiki 26 za chochote. Kabla yake KICOMI ya Kisumu ilikuwa imeshazimika, na Rivatex ya Eldoret ikaangukia mikononi mwa wafilisi, mitumba ikitajwa kati ya sababu. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inampa aliyepunguzwa siku zisizopungua 15 za mshahara kwa kila mwaka aliotumikia. Anayelipa ni mwajiri, yaani yuleyule ambaye amefilisika. Ukiisoma El Paso kutoka Nairobi, unaanza kwa kushangaa kwamba kulikuwa na kitu cha kulalamikia.

Mimi nilishangaa pia, kisha nikarudi kwenye zile wiki. Dola zilizotumika kumfundisha mtu siku za wiki kwa lugha ya kigeni hadi posho yake ikakatika zimetoka hazina, zimeandikwa kwenye vitabu kuwa msaada, na hazikumsogeza. Serikali yenye fungu dogo ikinakili mpango huu na mpangilio wake, itanunua kosa lilelile kwa gharama ambayo haiwezi kuimudu.

Kilichobaki

Aprili 2002 Levi's walitangaza kufunga viwanda vingine sita, El Paso ikiwemo, ajira 3,300 kwa jumla. Mwishoni mwa 2003 wakafunga vilivyobaki San Antonio, takriban watu 800, na hapo kampuni iliyobuni jinzi ikawa haimiliki tena kiwanda cha kushonea ndani ya Marekani. Wale wa mwisho ndio waliokuta sheria bora. Wale 10,000 wa kwanza, ambao kwa ajili yao ilirekebishwa, walikuwa wamekwisha kutawanyika: wengine kutunza wazee majumbani, wengine jikoni mwa shule, wengine usafi wa maofisi, kazi ambazo hazikuwahi kudai darasa la Kiingereza.

Bunge liliendelea kuupanua na kuubana mpango huo: 2009 ukaingiza wafanyakazi wa huduma, Julai 2021 masharti yakarudishwa nyuma, na tarehe 1 Julai 2022 mamlaka ya kuthibitisha vikundi vipya yakakoma kwa sababu muda wake haukuongezwa. Waliokwisha kuthibitishwa waliruhusiwa kuendelea na masomo na posho zao. Kwa waliopunguzwa baada ya hapo fomu ya watu watatu bado ingeweza kujazwa na kupokewa, ila Wizara haikuwa tena na idhini ya kuichunguza.